UZI: Bodi ya Linux haiwaki? Usikimbilie kuflashi upya, kwanza jua imeishia wapi

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za kazi.

Kuna jambo linaniuma kila nikiliona. Bodi ya mtu imegoma kuwaka, na la kwanza analofanya ni kuchomoa kadi ya SD na kuiandika upya. Ikiwaka anashukuru, anaendelea na mengine. Wiki mbili baadaye inagoma tena, na hana hata mstari mmoja wa logi wa kumwambia kilichotokea mara ya kwanza. Ushahidi ameufuta kwa mkono wake.

Mimi nimekaa na bodi hizi muda mrefu, na swali ninaloanza nalo ni moja tu: imeishia wapi? Habari ya nini kimeharibika inakuja baadaye.

Bodi ya Linux haiwaki kwa mkupuo mmoja. Ni mbio za kupokezana kijiti. Wa kwanza ni ROM iliyomo ndani ya chipu tangu kiwandani, ambayo huwezi kuibadilisha. Hiyo inatafuta kipande kidogo cha programu, wanaotumia U-Boot (butiloda, yaani programu ya kuipakia Linux) wanakiita SPL, na kukiweka kwenye SRAM, kumbukumbu ndogo ya ndani ya chipu, kwa sababu RAM ya nje bado imelala. SPL inaiamsha RAM na kuipakia U-Boot kamili. U-Boot inapakia kerneli, kiini cha Linux, pamoja na faili la dtb, ile ramani inayoiambia kerneli kuna vifaa gani kwenye bodi na viko wapi. Kerneli inapandisha mfumo wa faili wa mzizi, kisha inaanzisha init, mchakato namba 1.

Kila mkimbiaji ana lafudhi yake. Ukiizoea, mstari wa mwisho kwenye skrini unakuambia kijiti kimeanguka mkononi mwa nani.

Kebo ya siriali

Bila hiyo unapapasa gizani. Nyaya tatu zinatosha: GND kwa GND, TX ya kebo kwa RX ya bodi, RX ya kebo kwa TX ya bodi. Waya wa umeme wa kebo uache, usiuunganishe. Na kabla ya yote soma bodi yako inatumia volti ngapi kwenye pini hizo. Nyingi ni 3.3, nyingine 1.8. Kebo ya volti 5 inaweza kuiua chipu, na hapo huna tena cha kutafuta.

Kasi ya kawaida ni 115200. Ukiona herufi za ajabu zisizosomeka, bodi inaongea ila wewe unasikiliza kwa kasi nyingine. Bodi nyingi za chipu za Rockchip hutumia 1500000. Na logi iingie kwenye faili tangu mwanzo, usitegemee macho:

`picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0 | tee logi.txt`

Jambo moja linalowapoteza wengi: kebo ikiwa imechomekwa, umeme kidogo unapenya kwenye bodi kupitia pini ya RX hata ukiwa umechomoa adapta ya bodi. Taa inabaki inafifia, chipu haizimi kabisa, na ukirudisha umeme inaamka vibaya. Ukitaka kuizima kweli, chomoa na kebo ya siriali.

Kimya kabisa, hakuna hata herufi

Hapa kijiti hakijatoka kwa ROM, au umeme wenyewe haujatulia. Pima volti kwenye bodi, si kwenye adapta. Waya mwembamba wa USB unaweza kupoteza volti njiani, na multimita inakuonyesha wastani tu. Mporomoko wa milisekunde chache utauona kwa osiloskopu.

Umeme ukiwa sawa, uliza: ROM inatafuta wapi? Kila familia ya chipu ina mahali pake. Allwinner inaisoma SPL kwenye kadi ya SD kuanzia kilobaiti ya 8. Sasa fikiria umeigawa kadi hiyo patisheni kwa mtindo wa GPT. Jedwali la GPT linachukua sekta 34 za mwanzo, yaani kilobaiti 17, na SPL imo humo humo ndani. Ukiandika jedwali umeifuta SPL. Faili zote utaziona ziko sawa kwenye kompyuta, na bodi haitasema neno.

Baadhi ya ROM hukusaidia. BeagleBone Black ikikosa pa kubuti hutoa `CCCC` kwenye siriali, maana yake inasubiri uitumie programu kwa njia hiyo hiyo. Raspberry Pi huongea kwa taa: mimweko 4 maana yake haikuipata start.elf, mimweko 7 haikuiona kerneli. Hesabu mimweko kabla ya kubadilisha chochote.

"Starting kernel ..." halafu kimya

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mstari huo ni neno la mwisho la U-Boot. Baada yake anayepaswa kuongea ni kerneli. Kimya kinaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kabisa: kerneli imekufa, au kerneli iko hai lakini inaongea kwenye mlango mwingine. Niliwahi kupoteza siku tatu nzima nikibadilisha dtb moja baada ya nyingine, wakati kerneli ilikuwa hai muda wote. `console=`, neno linaloiambia kerneli iandike kwenye mlango gani, ilisema ttyS0 na bodi ilitaka ttymxc0. Nilikuja kugundua nilipochomeka waya wa mtandao, bodi ikajibu ping. Tangu siku hiyo ping ndiyo jaribio langu la kwanza hapa. Jina hutofautiana kwa familia ya chipu: i.MX ni ttymxc, bandari za PL011 ni ttyAMA, STM32MP1 ni ttySTM.

Ping isipojibu, ongeza neno `earlycon` kwenye bootargs (maneno ambayo U-Boot huipa kerneli) na uondoe `quiet`. Kwenye ARM ya biti 64 neno hilo peke yake hutosha ikiwa dtb ina stdout-path sahihi, yaani inataja mlango wa siriali wa kuandikia. Kwenye biti 32 mara nyingi utahitaji `earlyprintk`, na hiyo inataka kerneli iwe imejengwa na CONFIG_DEBUG_LL, vinginevyo unaandika bure.

Bado kimya? Angalia anwani za kupakia. Kerneli iliyobanwa hujifungua kwenye RAM na kuwa kubwa zaidi. Ukiwa umeiweka dtb karibu mno, kerneli inaifunika ramani yake yenyewe kabla haijaisoma.

Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote. Kerneli huandika ujumbe wake kwenye RAM kabla ya konsoli kuwa tayari. Ukibonyeza kitufe cha riseti bila kukata umeme, mara nyingi maandishi hayo bado yapo. Tafuta `__log_buf` kwenye System.map, faili la anwani linalotoka ukijenga kerneli. Tuseme umepata c0e6a5f0. Hiyo ni anwani ya kufikirika. Kwenye BeagleBone Black RAM inaanzia 0x80000000, kwa hiyo 0xC0000000 ya mwanzo unaibadilisha kuwa 0x80000000. Simama kwenye U-Boot, andika:

`md.b 0x80e6a5f0 0x2000`

Upande wa kulia wa skrini utasoma maneno ya kerneli iliyokufa, moja baada ya jingine, mpaka lile la mwisho. Mara ya kwanza nilipoyaona nilisimama kutoka kwenye kiti.

Kerneli inaongea, kisha "panic"

Soma namba zilizo kwenye mabano, ndizo zenye jibu. `unknown-block(0,0)` maana yake kerneli haikijui kabisa kifaa ulichokitaja kwenye `root=`: draiva haimo au jina limekosewa. `unknown-block(179,2)` ni kitu kingine. 179 ni namba ya vifaa vya MMC na 2 ni patisheni ya pili. Kifaa imekiona, kilichoshindikana ni kuusoma mfumo wa faili uliomo. Chini ya ujumbe huo kerneli huorodhesha patisheni ilizoziona. Wengi hawashuki mpaka hapo.

Ikipita hapo ikaangukia init, `exitcode=0x00007f00` ni init kutoka na namba 127, na mara nyingi ni maktaba fulani haikupatikana. `0x0000000b` ni kosa la kumbukumbu ndani ya init yenyewe. `0x00000004` ni amri ambayo prosesa haiijui, na hapo mtuhumiwa ni kompaila iliyopangwa kwa chipu nyingine.

Leteni logi zenu tuzitazame pamoja. Si picha ya skrini ya mstari mmoja, leteni logi nzima.

#2

Mkuu ubarikiwe kwa uzi huu. Yangu imesimama hapa baada ya kupandisha toleo la kerneli, kadi ni ile ile na sijagusa kitu kingine:

`Waiting for root device /dev/mmcblk1p2...`

Nimeiacha saa nzima, haisogei.

#3 – Mwanzisha uzi

Haitasogea. Una `rootwait` kwenye bootargs, na hiyo inasubiri bila kikomo. Panda juu kidogo kwenye logi utafute mstari unaoanza na mmcblk. Nadhani utakuta kadi yako sasa inaitwa mmcblk0. Namba hizo hutegemea nani ametangulia kuamka kati ya kadi na eMMC (hifadhi iliyochomelewa kwenye bodi), na kerneli mpya inaweza kuubadili mpangilio huo.

Usirekebishe kwa kuandika 0 mahali pa 1, kesho itageuka tena. Tumia PARTUUID, utaipata kwa amri ya `blkid`:

`root=PARTUUID=xxxxxxxx-02 rootwait`

Angalia usichanganye na UUID ya mfumo wa faili. PARTUUID kerneli inaielewa yenyewe. UUID inahitaji initramfs, ule mfumo mdogo wa faili wa muda unaopakiwa na kerneli, ya kuitafsiri, na kama huna utarudi kwenye kusubiri kule kule.

#4

Naomba kuuliza tofauti kidogo. Yangu inabuti mpaka login, naingia, nafanya kazi, halafu kama nusu dakika hivi inakufa. Kila mara. Nikabadilisha adapta, ikawa vile vile.

#5 – Mwanzisha uzi

Kufa kwa muda unaopimika ni habari njema, maana umeme mbovu hauna ratiba. Swali: ikifa, inarudi kwenye maandishi ya U-Boot, au inaganda kimya?

#6

Inaganda. Hairudi popote. Neno la mwisho kwenye logi ni hili:

`vcc_3v3_io: disabling`

#7 – Mwanzisha uzi

Umeshajijibu mkuu. Kerneli ikimaliza kuamka husubiri sekunde 30, kisha huzima kila regyuleta (sakiti inayogawa volti kwenye bodi) ambayo hakuna draiva aliyesema anaitumia. Hiyo yako inalisha kitu muhimu ila kwenye dts, maandishi yanayozaa dtb, hakuna aliyeidai. Kwa leo iwekee `regulator-always-on` uone kama inavuka nusu dakika. Suluhisho la kudumu ni kumwandika mtumiaji wake halisi kwenye dts.

Ingekuwa inarudi U-Boot, ningeshuku saa ya ulinzi (watchdog), ile inayoiriseti bodi isipoguswa kwa muda: butiloda imeiwasha, na kwenye Linux hakuna anayeibembeleza. Hapo ungeijaribu kwa `watchdog -t 5 /dev/watchdog` ya BusyBox.

#8

Nachangia kuhusu init. Ukipata `error -2` ya faili halipo, na kwa macho yako unaliona faili lipo, usidhani kerneli inadanganya. Kinachokosekana ni kipakiaji ambacho faili hilo linakiita. Fanya `readelf -l` kwenye /sbin/init, itakutajia jina, kwa mfano ld-linux-armhf.so.3, kisha uangalie kama kipo kwenye /lib ya bodi. Mimi nilikuwa nimejenga programu kwa kompaila ya armhf inayotumia maktaba ya C ya glibc, na mfumo wa faili ulikuwa wa musl, maktaba nyingine ya C. Vitu viwili vizuri visivyojuana.

#9

Wakuu, langu limenishinda na naona aibu kulileta kwa sababu sina logi. Nina bodi kumi, zote muundo mmoja tuliouchora wenyewe, chipu ya ARM na U-Boot. Zikiwa mezani zinawaka kila mara. Tukizifunga kwenye maboksi yake na kuzipeleka zinakofanya kazi, karibu na mota, mara moja kati ya tano au sita haiwaki. Nikienda na kebo ya siriali kuchunguza, inawaka. Nimeshaflashi zote upya mara mbili.

#10

Hiyo ni umeme. Mota ikianza kuzunguka inavuta mkondo mkubwa, volti inashuka, bodi inashindwa. Weka kapasita kubwa mlangoni.

#11 – #9 tena

Tulishafikiria hivyo. Bodi ina chanzo chake chenyewe cha umeme, nimepima kwa osiloskopu wakati mota inaanza, mstari umenyooka. Kapasita tumeongeza pia. Bado.

#12 – Mwanzisha uzi

Usione aibu, umeleta dalili nzuri kuliko logi nyingi. Umesema ukichomeka kebo inawaka. Je, unachomeka kebo kabla au baada ya kuwasha umeme?

#13 – #9 tena

Kabla. Naizima, nachomeka kebo, nawasha nikiwa naangalia. Inabuti vizuri mpaka mwisho.

#14 – Mwanzisha uzi

Basi fanya hivi, na naomba ufuate hatua kama zilivyo. Iwashe bila kebo mpaka igome. Ikigoma, USIIZIME. Usiguse umeme. Chomeka kebo hivyo hivyo, ukianza na GND, fungua picocom, bonyeza Enter mara moja. Nakili kinachotokea.

#15 – #9 tena

Wakuu. Imegoma mara ya nne. Nimefanya kama ulivyosema. Nimebonyeza Enter na nimepata hiki:

```
Unknown command '�x�?' - try 'help'
=>
```

Hiyo `=>` ni U-Boot. Haikufa! Imekaa pale inasubiri amri. Lakini hakuna aliyebonyeza kitu, hapakuwa na kebo.

#16 – Mwanzisha uzi

Mota ndiyo iliyobonyeza.

Ile hesabu ya `Hit any key to stop autoboot` inasikiliza pini ya RX. Pini yako ikiwa haijashikwa na chochote inaning'inia hewani kama antena, na kelele za mota zinaingia kama herufi. U-Boot inaona herufi, inadhani kuna binadamu, inasimamisha kubuti na kumsubiri. Ukichomeka kebo, TX ya kebo inaishika pini hiyo kwenye 3.3, kelele hazipiti, bodi inawaka. Ndiyo maana kila ulipokuja kutazama ulikuta pazima. Angalia mchoro wenu: kuna rizista inayoivuta RX juu?

#17 – #9 tena

Hakuna. TX na RX zinakwenda moja kwa moja kwenye pini za nje, waya wa sentimita kumi hivi mpaka kwenye kiunganishi cha boksi.

#18 – Mwanzisha uzi

Rizista ya kiloomu 10 kutoka RX kwenda kwenye 3.3, iwe karibu na chipu. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Kwa bodi ambazo tayari ziko kazini na hamwezi kuzifungua leo:

```
setenv bootdelay -2
saveenv
```

-2 maana yake buti mara moja bila kuangalia kama kuna herufi. Lakini sikiliza vizuri: ukishaiweka huwezi tena kuisimamisha U-Boot kwa kibodi. Kerneli ikiharibika umejifungia nje. Hakikisha kwanza una njia nyingine ya kuingia, mfano `fw_setenv`, amri ya kubadilisha mipangilio ya U-Boot, ifanye kazi ukiwa ndani ya Linux, na ROM iweze kubuti kutoka kwenye kadi. Kwa toleo lenu lijalo la U-Boot, jengeni na CONFIG_AUTOBOOT_KEYED, ili isimame kwa neno mlilochagua ninyi tu. Ni vigumu sana kwa mota kuandika neno zima.

#19

Mkuu #9, na sisi tulikuwa na kitu kama hiki, tukawa tunalaumu eMMC. Tulizibadilisha tatu.

#20 – #9 tena

Nimerudi na majibu. Bodi mbili nimezitia rizista, mbili nimezipa `bootdelay -2` tu, moja nimeiacha kama ilivyokuwa. Zote kwenye maboksi yake, mota inazunguka, nimewasha na kuzima mara 60 kila moja. Za rizista: 60 kwa 60. Za bootdelay: 60 kwa 60. Ile niliyoiacha imegoma mara 11, na mara zote 11 nimechomeka kebo bila kuizima nikaikuta kwenye `=>`.

Rizista za bodi zilizobaki nimeshaagiza. `fw_setenv` nimeijaribu, ilikuwa inasoma mahali pasipo sahihi kwenye eMMC kwa sababu /etc/fw_env.config yetu ilikuwa ya bodi ya zamani. Nimeirekebisha kabla ya kuzigusa zile nyingine.

#21 – Mwanzisha uzi

Hiyo ya fw_env.config umefanya vizuri mno kuikagua mapema. Kama huna tatizo, bandika hapa offset uliyoiweka (mahali mipangilio ya U-Boot inapoanzia kwenye eMMC) na ile iliyo kwenye CONFIG_ENV_OFFSET, wenye bodi za aina hiyo walinganishe.